Kabla Greda Halijashuka: Tathmini ya Mazingira ya Barabara na Nafasi ya Mkazi

Mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi wa kata zinazopitiwa na mradi wa kupandisha barabara ya mkoa kutoka changarawe kuwa lami



Hakuna mkazi wa kata hizi anayehitaji kuelezwa faida ya barabara ya lami. Mama aliyewahi kupelekwa kujifungua kwa pikipiki wakati wa masika anaijua. Mkulima ambaye nyanya zake zilioza kwa sababu fuso lilikwama siku tatu kwenye tope anaijua zaidi. Kwa hiyo mada hii haikuletwa ili kubishana kama barabara ijengwe au isijengwe. Imeletwa kwa sababu kuna kipindi kifupi, kati ya siku vigingi vya wapimaji vinapoonekana na siku greda la kwanza linaposhuka kutoka kwenye lori, ambapo neno la mkazi lina uzito kuliko litakavyokuwa wakati mwingine wowote. Kipindi hicho ni cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Kikishapita, kila kinachodaiwa hudaiwa kwa gharama kubwa zaidi, na mara nyingi hudaiwa bure.

Tathmini si hisani ya mkandarasi wala ya serikali. Ni matakwa ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inasema kwamba mradi wa aina inayohitaji tathmini ufanyiwe tathmini kwanza, kabla ya kuanza na hata kabla ya kupewa fedha. Barabara kubwa zimo katika kundi la miradi ambayo tathmini ni ya lazima. Kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinaeleza hatua kwa hatua: mradi husajiliwa katika Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, huchujwa ili kuona uzito wake, upeo wa uchunguzi huainishwa, wataalamu waliosajiliwa hufanya utafiti, taarifa yao hupitiwa na kamati ya wataalamu, na mwishoni cheti hutolewa au kunyimwa. Cheti kikitolewa huja na masharti, na masharti hayo yanamfunga mwenye mradi kama mkataba.

Inafaa pia kueleza mapema ni nani mwenye barabara, kwa sababu lawama nyingi huenda mahali pasipo pake. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, ikiwa ni pamoja na za vijijini na mitaani, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Halmashauri haimiliki barabara hii inayozungumzwa wala haimlipi mkandarasi wake. Hata hivyo Halmashauri ina Afisa Mazingira, ina kamati, na ina haki ya kutoa maoni juu ya taarifa ya tathmini kabla haijapitishwa. Halmashauri inayosema kwamba jambo hili ni la TANROADS kisha ikanyamaza imeiacha haki yake mezani.

Mifano miwili ya nchini inatosha kuonyesha tofauti kati ya barabara iliyotangulia tathmini na barabara iliyosubiri. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami, na kilomita zipatazo 50 za barabara hiyo zinapita katikati ya hifadhi. Wakati ule nchi haikuwa na sheria ya tathmini, na haja ya kupeleka mizigo Zambia ilikuwa ya haraka kwa sababu zinazojulikana katika historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Hakuna wa kuwalaumu waliojenga. Lakini tangu hapo wanyama wamegongwa mwaka hadi mwaka, na hatua zote zilizofuata, yaani matuta, vibao vya mwendo na tozo kwa dereva anayegonga mnyama, ni kiraka juu ya jambo ambalo lingeweza kufikiriwa kwenye karatasi.

Mfano wa pili ni wa kaskazini mwa Serengeti. Mwaka 2010 mpango wa barabara ya kuunganisha upande wa Ziwa Victoria na Loliondo ulileta mjadala mkubwa, kwa kuwa kipande cha kilomita 53 kilikuwa kipite ndani ya hifadhi, katika njia ya nyumbu wanaohama. Shirika moja la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ilizuia barabara ya lami kukatiza eneo hilo. Serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kusema kwamba kipande cha ndani ya hifadhi hakitawekwa lami. Mtu anaweza kuhuzunika kwa ajili ya wakazi wa upande wa pili waliotamani njia fupi, na huzuni hiyo ni ya haki. Watu wa Loliondo nao wana wagonjwa na mazao. Ila shauri lile lilifundisha jambo moja la kiutendaji: njia mbadala huchunguzwa kabla ya mstari kuchorwa kwa wino usiofutika. Taarifa ya tathmini isiyo na sura ya njia mbadala haijakamilika, hata ikiwa na kurasa mia nne.

Katika kata hizi hakuna nyumbu. Kuna maji, kuna mashimo ya kifusi, kuna nyumba na makaburi. Hayo ndiyo yapewe muda mrefu.

Barabara ya changarawe ya sasa iko chini, karibu sawa na ardhi. Mvua kubwa inapokuja, maji huivuka popote yapendapo, huiharibu, kisha huendelea na safari yake. Barabara ya lami haiwezi kukubali hivyo. Hujengwa juu ya tuta, na tuta refu lililokatiza bonde ni bwawa hata kama hakuna aliyekusudia kujenga bwawa. Maji yaliyokuwa yakivuka kwa upana wa nusu kilomita sasa hutafuta tundu moja, kalavati, na hutoka upande wa pili yakiwa na nguvu ambayo hayakuwa nayo. Aliyekuwa na shamba la mpunga upande wa juu huona maji yakisimama juma zima. Aliye upande wa chini huona korongo jipya likichimbika katikati ya mihogo yake. Mkandarasi akiulizwa atasema kalavati limejengwa kama lilivyochorwa, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo swali lenyewe ni la mchoro. Mhandisi hukadiria ukubwa wa kalavati kwa kutumia ukubwa wa eneo linalokusanya maji na kumbukumbu za mvua. Huuliza mvua ya namna gani hutokea mara moja katika miaka 10, 25 au 50, kisha hupanga tundu la kuipitisha. Kumbukumbu hizo hutoka katika vituo vya hali ya hewa, na kituo chenyewe huenda kiko mbali, upande mwingine wa mlima. Hapa ndipo mzee wa kitongoji anapokuwa na takwimu ambayo kompyuta haina. Anajua maji ya Elinino ya 1997 na 1998 yalifika kwenye jiwe gani. Anajua mti uliosimama katikati ya maji na nyumba iliyohamwa. Alama hizo zikionyeshwa kwa mtaalamu, zikapimwa na kuandikwa katika taarifa, huwa ushahidi wa kitaalamu. Zikibaki kuwa masimulizi ya barazani, kalavati litajengwa kwa mvua ya mahali pengine.

Asidhani mtu kwamba kosa la maji ni la vijijini tu. Dar es Salaam, penye wahandisi wengi kuliko mahali popote nchini, karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Mto ulipofurika, karakana ilijaa maji, na si mara moja. Barabara ya Morogoro nayo ilifungwa pale kila bonde lilipojaa. Watu wa Jangwani walikuwa wakijua tabia ya mto huo tangu zamani.

Maji yana upande mwingine unaosahaulika. Ujenzi wenyewe unakunywa. Udongo haushindiliwi mkavu. Kila tabaka humwagiwa maji kabla ya kushindiliwa, na barabara za mchepuko humwagiwa ili kupunguza vumbi. Boza moja hubeba maelfu ya lita, nayo maboza hupishana mchana kutwa. Kiangazi, wakati ambapo kazi ya barabara hushamiri, ndio wakati ambao vijito viko chini kabisa na akina mama wanaamka alfajiri kupanga ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechota maji kwa kazi ya namna hiyo awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Taarifa ya tathmini inapaswa kutaja chanzo kwa jina: mto gani, kisima gani, kiasi gani kwa siku. Taarifa inayosema tu kwamba maji yatapatikana katika vyanzo vilivyo jirani haijasema kitu, na kijiji kina haki ya kuirudisha kwa swali hilo moja. Yapo maeneo ambayo mkandarasi alichimba kisima chake mwenyewe na kukiacha kwa kijiji alipoondoka. Jambo hilo haliji kwa bahati. Huombwa mapema, likaandikwa.

Sasa kifusi. Si rahisi kwa mtu kuona kwa macho ni udongo kiasi gani unaoingia katika barabara, kwa hiyo hesabu kidogo itasaidia. Tabaka moja lenye upana wa mita 10 na unene wa sentimita 15 linahitaji, kwa kila kilomita, mita za ujazo 1,500 za udongo ulioshindiliwa. Tipa la mita za ujazo 15 litakwenda safari 100 kwa tabaka hilo moja. Barabara ina matabaka zaidi ya moja. Yakiwa matatu, ni safari 300 kwa kilomita moja, na hapo hayajahesabiwa matuta ya mabondeni. Shimo lenye kina cha mita 3 likitoa udongo wote huo kwa barabara ya kilomita 40, eneo litakalochimbwa ni hekta 6, karibu ekari 15. Kwa kuwa udongo hupungua ujazo unaposhindiliwa, eneo halisi ni kubwa kuliko hilo.

Ekari hizo zinatoka kwa nani? Kwa kawaida zinatoka kwa mtu mmoja mmoja ambaye mwakilishi wa mkandarasi humfuata nyumbani kwake jioni, na bei hupatanwa palepale. Mwenye shamba hufurahia fedha, na hakuna haki ya kumwonea wivu. Tatizo huanza baadaye. Udongo wa juu, wenye rutuba, ukichanganywa na kifusi umekwenda, na shamba halitaota tena ila vichaka. Mvua hujaza shimo. Mbu huzaliana humo, na watoto waliokwenda kuogelea hawakurudi nyumbani katika vijiji vingi vya nchi hii. Hakuna haja ya kutaja majina ya vijiji hivyo, kwa sababu kila msikilizaji anakijua kimoja.

Dawa yake ni ya kawaida na haihitaji mitambo ya ajabu. Udongo wa juu ukwanguliwe kwanza na kurundikwa kando. Kuta za shimo zilazwe, zisiachwe wima kama kisima. Kazi ikiisha, udongo wa juu urudishwe na miti ipandwe. Wafugaji mara nyingine huomba shimo liachwe liwe lambo la mifugo, na ombi hilo laweza kuwa la busara kabisa, mradi limeamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, upande mmoja umelazwa vizuri kwa ng'ombe kushuka, na limeandikwa. Shimo lililoachwa kwa makubaliano ya mdomo kati ya dereva wa katapila na mwenye shamba halina mwenyewe siku ya msiba.

Vumbi, kelele na mitikisiko ya kulipua miamba vinastahili maneno machache, kwa kuwa ni vya muda na tiba yake inajulikana: kunyunyizia maji, kazi za mchana tu karibu na makazi, na kupiga picha nyufa za nyumba kabla ya kulipua ili baadaye kusiwe na ubishi wa ufa wa zamani na ufa mpya. Kambi ya mkandarasi ni jambo la kuangaliwa zaidi. Huko ndiko oili chafu hutolewa katika mitambo, na ndiko mtambo wa kuchanganya lami husimikwa. Sheria ya Mazingira inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kambi, hata ikiitwa ya muda, hukaa miaka miwili au mitatu. Kijiji kinachopanga mahali pa kambi kipime mita hizo kwa kamba, si kwa macho.

Mita 60 za mto zimechanganywa mara nyingi na mita 60 za barabara, na mkanganyiko huo umewaletea watu hasara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi ya barabara kuu na za mkoa yenye upana wa mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya sheria hiyo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Nafasi ya mita 7.5 iliyoongezeka ndiyo chimbuko la alama za X za rangi mbili ambazo wakazi wamekuwa wakiziona. Nyumba iliyojengwa ndani ya mita 22.5, katika hifadhi ya zamani, huwekwa X nyekundu, na mwenye nyumba huhesabiwa kuwa aliingia katika eneo la barabara. Iliyo kati ya mita 22.5 na 30 huwekwa X ya kijani, na mwenyewe anastahili fidia kabla ya kuondolewa. Mwenye X ya kijani asikubali kuvunja kwa maneno ya kuambiwa fidia inakuja. Mwenye X nyekundu aangalie kama katikati ya barabara ilipimwa kwenye barabara ya zamani au kwenye mstari mpya, kwani mradi unaponyoosha kona, mstari husogea, na nyumba iliyokuwa nje huweza kuonekana ndani. Hapo yeye si mvamizi. Barabara ndiyo imemfuata.

Fidia yenyewe haihusu matofali peke yake. Kanuni za mwaka 2001 za kutathmini thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zinahesabu thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Posho ya makazi hupigwa kwa kodi ya mwezi ya nyumba, mara miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Mwenye duka anayefunga biashara asitie sahihi fomu isiyo na hasara ya faida kwa sababu tu mthamini ana haraka. Miti ya matunda huhesabiwa mmoja mmoja. Makaburi yana sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na familia hupewa nafasi ya kufuata desturi na dini yake.

Kuna kundi ambalo karatasi hizi haziliangalii vizuri, na hapa sheria ina upungufu. Mpangaji wa kibanda, mama anayekaanga mihogo chini ya mwembe wa kituo cha mabasi, kijana wa kuziba pancha: hao hawana ardhi wala jengo, ila barabara ikihama mita ishirini wamepoteza chakula cha watoto. Miradi inayopata mikopo kutoka Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hufuata pia masharti ya mabenki hayo, ambayo huwatambua watu wa namna hiyo hata wasipokuwa na hati. Basi swali la nani anaufadhili mradi si udaku. Linaamua kiwango cha haki anachoweza kudai asiye na kiwanja.

Baadhi ya athari hazitaonekana hadi lami imekauka. Mwendo ni mojawapo. Leo bajaji na ng'ombe hugawana barabara kwa amani kwa kuwa hakuna gari linaloweza kupita kilomita 40 kwa saa katika mashimo yale. Kesho basi litapita mbele ya shule ya msingi kwa mwendo ambao mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuukadiria. Matuta, vivuko vya waenda kwa miguu na njia za mifugo huwekwa katika mchoro kwa bei nafuu. Baada ya hapo huombwa kwa barua, kwa kawaida baada ya mazishi. Mkaa ni jambo la pili. Msitu wa kijiji ulilindwa kwa miaka yote hii na kamati ya mazingira, hiyo ni kweli, lakini ulilindwa pia na ubovu wa barabara, kwa kuwa lori la mkaa halikufika. Lami itaondoa mlinzi huyo wa pili asiyelipwa mshahara. Kama taarifa ya tathmini haisemi lolote juu ya misitu iliyo kilomita kumi kutoka barabarani, imeangalia ukanda wa mita 60 na kuiacha nchi.

Yote haya yatakuwa maneno matupu kama hayataingia katika mpango wa usimamizi wa mazingira ambao ni sehemu ya taarifa. Mpango huo ni jedwali: athari, hatua ya kuipunguza, nani atafanya, lini, kwa gharama gani. Msomaji mwenye muda mfupi aende moja kwa moja kwenye safu ya gharama. Mkandarasi hufanya kile alicholipwa kufanya, na alicholipwa kufanya ni kile kilichoandikwa katika orodha ya kazi na bei ya mkataba wake. Hatua ya kurudishia mashimo ya kifusi ikiwa na safu ya gharama tupu, au ikisema itagharamiwa na mkandarasi bila kiasi, mashimo yatabaki. Haihitaji ubaya wa mtu yeyote.

Ni vipi basi mkazi ataifikia taarifa hiyo yenye mamia ya kurasa za Kiingereza? Kanuni zimeliona hilo. Taarifa lazima iwe na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwenye mradi anatakiwa pia, wakati wa utafiti, kubandika matangazo mahali pa wazi, kutangaza gazetini na redioni kwa Kiswahili, na kukutana na watu watakaoguswa. Mtendaji wa Kata anayeombwa kugonga muhuri kwenye orodha ya mahudhurio ana haki ya kuuliza muhtasari wa Kiswahili uko wapi, na kubandika nakala katika ubao wa ofisi. Orodha ya mahudhurio, ieleweke, huingia katika viambatisho vya taarifa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Sahihi ya mtu aliyekuja kuchukua posho ya nauli na kuondoka bila kusema neno inahesabika sawa na sahihi ya aliyesema. Kwa sababu hiyo maoni yaandikwe, hata kwa mkono, kila kitongoji kikitaja mahali kwa jina, kijito kwa jina, shule kwa jina. Kisha nakala moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri na ya tatu ofisi ya kanda ya NEMC. Baraza laweza kuitisha mkutano wa hadhara wa kusikiliza maoni kabla ya uamuzi. Barua zinazotaja vijito kwa majina ni sababu nzuri ya kufanya hivyo kuliko barua zinazolalamika kwa jumla.

Imezoeleka kwamba mikutano hii huwa ya wanaume, nao huzungumza fidia tu. Akina mama ndio wanaojua kisima kipi hukauka Septemba na kipi hakikauki. Wapewe muda wao wa kusema, ikibidi mkutano wao peke yao, na mtaalamu wa jamii aliye katika timu ya tathmini anajua namna ya kuuandaa akiombwa.

Baada ya ujenzi kukamilika, barabara haikabidhiwi moja kwa moja. Hupita muda wa matazamio, ambao katika mikataba mingi ni mwaka mmoja, na katika muda huo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, huku sehemu ya malipo yake ikiwa imezuiliwa. Masika ya kwanza juu ya lami mpya kwa kawaida huangukia ndani ya muda huo. Kamati ya mazingira ya kila kijiji itembee kandokando ya barabara siku ya mvua kubwa, ione maji yanasimama wapi na yanachimba wapi, ipige picha zenye tarehe, na barua imfikie mhandisi msimamizi, kwa nakala kwa TANROADS mkoa na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kabla mwaka huo haujaisha.